Ndege za Doria za Mti, na Kumbukumbu ya Vikosi Vyake

Maneno yetu leo ni juu ya kitu kidogo kiwezacho kusimama juu ya meza ya mwalimu, nacho ni ndege ya mti iliyochongwa kwa mkono, kwa mfano wa zile ndege za vita zilizolinda bahari. Huenda mtu akauliza, "Sisi tu watu wa migomba na kahawa, na bahari i mbali nasi. Ndege za baharini zatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki. Tutalijibu kwanza. Kisha tutaeleza ndege hizo zilikuwa zipi, vikosi vyake vilikuwa vipi, na jinsi mwanafunzi mwenye kisu kikali na subira awezavyo kuchonga moja, hata mtu aliyezijua ndege zile aitambue mara aionapo.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba kutengeneza mifano si jambo geni katika nchi ya Karagwe. Miongoni mwa vitu vya enzi vya wafalme wa nchi hii walikuwamo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, wenye pembe ndefu, ambao wajuzi wa historia huwahusisha na Mfalme Ndagara, baba yake Rumanyika, yule aliyempokea msafiri Speke mwaka 1861. Ng'ombe wa chuma hatoi maziwa wala hazai. Basi mhunzi alimfanya kwa faida gani? Alimfanya awe shahidi. Amtazamaye leo apata habari mbili kwa mara moja: kwamba watu wale waliwathamini ng'ombe kuliko mali nyingine, na kwamba walijua kufua chuma kwa ustadi. Mfano mwema wa kitu chochote hufanya kazi hiyo. Hukihifadhi kitu chenyewe, na pamoja nacho huhifadhi mkono wa fundi.

Ama kuhusu bahari, haikuwa mbali nasi kama tudhanivyo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, kahawa ya Bukoba na Karagwe na madini ya bati ya Kyerwa hayakuwa na njia ya kufika masoko ya ng'ambo ila kwa meli. Nguo na vyombo vya viwandani vilikuja kwa meli. Na vijana walioandikwa katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, walivushwa kwa meli kwenda Madagaska, Ceylon na Burma. Mtu aliyeondoka katika vilima vyetu akiwa hajapata kuona maji mapana kuliko Ziwa Viktoria, alijikuta siku nyingi juu ya bahari isiyo na ukingo, na uhai wake ulitegemea watu waliokuwa angani, asiowajua kwa sura wala kwa jina.

Mwaka 1942 bahari ile ilichafuka. Mwezi wa Aprili merikebu za vita za Japani zilishambulia kisiwa cha Ceylon, hata kundi la manowari za Uingereza likalazimika kurudi nyuma na kuifanya Kilindini ya Mombasa kuwa makao yake. Usiku wa tarehe 30 Mei nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, zikaiumiza manowari kubwa iitwayo Ramillies. Katika miezi ya Juni na Julai nyambizi nyingine zilizamisha meli nyingi za mizigo katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Baadaye zikaja na nyambizi za Kijerumani.

Yatupasa tueleze nyambizi ni nini, maana bila kuijua hatuwezi kujua kwa nini ndege ya doria ilifanywa ilivyo. Nyambizi ni merikebu iwezayo kwenda chini ya maji. Lakini nyambizi za siku zile hazikuweza kukaa chini siku zote. Zikiwa chini zilikwenda kwa nguvu ya betri, tena polepole sana. Betri zilipokwisha nguvu ilizilazimu kupanda juu, kupata hewa na kuzijaza upya kwa mashine za dizeli. Hapo ndipo mtu aliye angani alipoweza kuziona. Na nyambizi iliyoona ndege ilizama upesi, na ilipokwisha kuzama haikuweza tena kuifukuza meli, kwa kuwa mwendo wake chini ya maji ulikuwa mdogo. Kwa hiyo hata ndege isiyotupa bombu hata moja iliweza kuziokoa meli, kwa kuonekana tu. Sifa ya ndege ya doria haikuwa kwenda mbio. Ilikuwa kukaa angani saa nyingi na kutazama bila kuchoka.

Ndege mbili ndizo zilizojulikana zaidi katika kazi hiyo kwenye pwani yetu, nazo zote mbili zilikuwa mashua zirukazo, maana yake ndege zenye tumbo la mashua, zinazotua majini na kuondoka majini. Ya kwanza ni Catalina, iliyotengenezwa na kampuni ya Consolidated ya Marekani, ambayo iliruka kwanza mwaka 1935. Ilikuwa na mashine mbili, na iliweza kukaa angani saa ishirini na zaidi. Ya pili ni Sunderland, iliyotengenezwa na kampuni ya Short ya Uingereza, ikaruka kwanza mwaka 1937. Hiyo ilikuwa kubwa zaidi, yenye mashine nne. Sunderland ilikuwa ndugu wa zile mashua zirukazo za abiria zilizoanza mwaka 1937 kupita Port Bell na Kisumu, katika Ziwa Viktoria, zikielekea Mombasa, Dar es Salaam na kusini. Kwa hiyo ndege za namna hiyo hazikuwa ngeni kabisa kwa watu wa ziwa letu.

Ndege hizo hazikufanya kazi kila moja peke yake. Zilikuwa katika vikosi, na kila kikosi kilikuwa na namba yake, alama yake na neno lake. Mombasa, mahali paitwapo Kipevu, palikuwa na kikosi cha 209 chenye Catalina. Dar es Salaam, mwaka 1943, palikuwa na kikosi cha 230 chenye Sunderland, kabla hakijakwenda Ceylon mwaka 1944. Durban palikuwa na kikosi cha 262, na Diego Suarez kikosi cha 265. Na kipo kimoja ambacho sisi wasemaji wa Kiswahili yatupasa kukijua kuliko vyote, nacho ni kikosi cha 259. Hicho kiliundwa upya Kipevu mwanzoni mwa mwaka 1943, kikahamia Dar es Salaam mwaka huo huo, na hapo Dar es Salaam kikavunjwa mwaka 1945.

Kwa nini tukijue? Vikosi vya Waingereza vilizoea kuchagua maneno ya Kilatini au ya Kiingereza kuwa neno lao. Kikosi cha 230, kilichopata kukaa Singapore, kilichagua maneno ya Kimalai yenye maana ya kwamba twatafuta mbali, na katika alama yake mna chui mwenye milia na mnazi. Lakini kikosi cha 259 kilichagua maneno ya Kiswahili: "Haya ingia napigane." Maana iliyokusudiwa ni, ingia ukapigane. Mwalimu wa lugha atatambua mara moja kwamba maneno hayo hayakupita darasani. Sisi tungaliandika "ingia ukapigane", au "ingieni tupigane". Walakini tusiyacheke. Maneno yale ni Kiswahili cha gatini, kama kisikiwavyo na mgeni na kuandikwa kwa sikio lake. Na kwa kuwa kikosi kile kilikubaliwa neno hilo, lugha yetu imeandikwa katika historia ya vikosi vya anga pamoja na Kilatini, na hakuna awezaye kuifuta.

Kazi ya vikosi hivyo haikuwa mchezo. Tarehe 20 Agosti 1943, kusini ya Madagaska, Catalina za kikosi cha 259 na cha 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani iitwayo U-197. Watu wote 67 waliokuwamo walikufa. Tunaitaja hesabu hiyo kwa makusudi, maana nao walikuwa wana wa watu.

Na ziko siku ambazo ulinzi haukutosha, kwa kuwa bahari ni pana na ndege zilikuwa chache. Mwezi wa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kwenda Ceylon. Katika meli moja, Khedive Ismail, walikuwamo askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, pamoja na wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Meli ilizama katika muda wa dakika mbili hivi. Watu karibu 1,300 walipotea, na wengi wao walikuwa Waafrika wa nchi zetu hizi. Manowari zilizokuwa zikiusindikiza msafara ziliiharibu nyambizi ile siku ile ile, lakini waliozama hawakurudi. Hiyo ndiyo sababu twasema ndege ya doria si jambo la watu wa pwani peke yao. Kila mahali palipotoa askari pana haki ya kujua ni nini kilichowalinda, na ni nini kilichopungua.

Sasa tuje kwenye mti. Katika vita ile ndege za mti hazikuchongwa kwa pambo tu. Zilikuwa vyombo vya kufundishia. Askari wa mzinga aliyeona kitu cheusi angani alikuwa na muda mfupi sana wa kuamua kama ni rafiki au adui. Akikawia, huenda akafa yeye na wenzake. Akifanya haraka bila kujua, huenda akawaua ndugu zake. Kwa hiyo mapema mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge mifano 500,000 ya ndege za mataifa yote yaliyokuwa vitani. Wanafunzi wakaingia katika vyumba vya useremala, wakachonga. Na katika Uingereza vijana walifanya vivyo hivyo. Mifano hiyo ilipakwa rangi nyeusi tupu, bila alama yoyote, ili jicho lisitazame mapambo bali umbo peke yake. Mwalimu aliining'iniza kwa uzi, akawaambia askari waitaje kwa kuitazama ubavuni, chini na mbele.

Kipimo walichokitumia kilikuwa moja kwa sabini na mbili. Kipimo hicho ni chepesi kwa mtu ahesabuye kwa futi, kwa kuwa futi sita za ndege ya kweli huwa inchi moja ya mti. Na faida yake ni kubwa. Ndege zote zikichongwa kwa kipimo kimoja, kubwa huonekana kubwa na ndogo huonekana ndogo, na macho hayadanganyiki.

Wasikilizaji wa Kagera hawana haja ya kuambiwa kwamba jambo hili la kutambua ndege ni zito. Mwezi wa Oktoba 1978 ndege za vita za Uganda zilikuja juu ya mji wa Bukoba kutupa mabombu, na wazee wengi wa mkoa huu wangali wanaikumbuka ngurumo yake. Na mwaka ule ule, katika fadhaa ya mwanzo wa vita, ndege tatu za jeshi la Tanzania zilipigwa na askari wetu wenyewe huko Musoma, kwa kudhaniwa kuwa za adui. Hatulitaji jambo hilo ili kumlaumu mtu. Twalitaja kwa sababu laonyesha kwamba umbo la bawa na mkia, ambalo mtu aweza kuliona kuwa mchezo wa watoto, laweza kuwa tofauti ya uhai na mauti. Waingereza nao walilijua hilo. Ndege zao katika upande wa Bahari ya Hindi na Asia zilikuwa na duara yenye kitovu chekundu mabawani, kama ilivyokuwa desturi ya nchi yao. Wakaona kwamba alama ya Japani ni duara jekundu, na askari mwenye hofu hatangoja kuona kilichoizunguka. Basi wakaifuta rangi nyekundu, wakabakiza buluu na nyeupe, au buluu mbili.

Tuseme basi kwamba mwanafunzi ataka kuchonga Catalina ya kikosi cha 259. Aanzeje?

Aanze kwa hesabu. Mabawa ya Catalina, toka ncha hata ncha, yalikuwa na urefu wa futi 104. Gawanya kwa sita, utapata inchi kumi na saba na theluthi moja, yaani sentimeta 44. Urefu wa mwili, toka pua hata mkia, ulikuwa mita 19 na nusu. Gawanya kwa 72, utapata sentimeta 27. Ukitaka kuchonga Sunderland iwe jirani yake, mabawa yatakuwa karibu sentimeta 48, na mwili sentimeta 36. Mwalimu wa hesabu anayelalamika kwamba wanafunzi hawaoni faida ya kugawanya, na ajaribu somo hili.

Kisha achague mti. Kwa mkono wa mwanafunzi mti ulio mwepesi na ulionyoka nyuzi zake ndio bora. Musizi wafaa, na msonobari wafaa. Mvule ni mzuri kwa macho, lakini ni mgumu, na huchosha mkono usiozoea. Ubao na uwe mkavu kabisa, usio na fundo. Ubao mbichi utachongwa leo vizuri, na baada ya miezi miwili utapasuka au kupinda, na kazi yote itakuwa bure.

Baada ya hapo achore. Ndege huchorwa mara tatu: ionekanavyo ubavuni, ionekanavyo toka juu, na ionekanavyo toka mbele. Mchoro wa ubavuni huandikwa juu ya gogo la mwili, na msumeno hulikata kwa kuufuata. Kisha mchoro wa juu huandikwa juu ya gogo lile lile, nalo hukatwa mara ya pili. Sasa una kitu chenye umbo la ndege lakini chenye pembe nne kama sanduku. Kukizungusha kwa kisu na patasi ndiyo kazi yenyewe. Usitegemee jicho tu. Kata vipande vya karatasi ngumu, vyenye umbo la mwili mahali mbalimbali, uvisogeze juu ya mti kila uchongapo. Nuru ikipita kati ya karatasi na mti, umechonga sana au hujachonga vya kutosha.

Hapa twapenda kukaa kidogo, maana hapa ndipo mchongaji atengapo njia na mtu anigaye tu. Kila umbo la ndege ya kweli lina sababu, na aijuaye sababu hakosei kulichonga. Chini ya tumbo la Catalina pana mkato, kama kidato cha ngazi. Mvivu huuacha, akidhani ni dosari ya mchoro. Kumbe mkato ule ndio uliovunja mshiko wa maji. Bila huo ndege ingalishikwa na maji kama mtu aliyekanyaga tope, isiweze kuondoka. Bawa lake halikukaa juu ya mwili wenyewe bali limeinuliwa juu ya nguzo pana, na mashine zake mbili zimewekwa karibu karibu juu ya bawa hilo. Kwa nini? Ili mapanga ya mashine yawe mbali na mawimbi. Wanafunzi wengi huziweka mashine mbalimbali mno, ndege ikawa si Catalina tena. Nyuma ya bawa, kila ubavu, pana kivimbe cha kioo kama nusu ya yai. Hapo ndipo mlinzi alipokaa saa baada ya saa, akiyatazama maji. Ukivisahau vivimbe hivyo umeisahau kazi yote ya ndege, kwa kuwa ndege hii ilifanywa ili itazame. Na ncha za mabawa zilikuwa na maboya yaliyoteremshwa wakati wa kutua, ili ndege isilale upande mmoja majini. Ilipokwisha kuruka yalikunjwa yakawa ncha ya bawa. Mchongaji na achague tangu mwanzo: ndege yake iko angani au iko majini? Haifai maboya yawe chini na ndege iwe juu ya kijiti kama irukayo mbali.

Bawa lichongwe kwa ubao mmoja, nene mbele na jembamba nyuma. Lisiwe bapa kama rula. Vipande viunganishwe kwa vijiti na gundi, maana misumari huupasua mti mwembamba. Nyufa zizibwe kwa vumbi la msumeno lililochanganywa na gundi. Kisha upige msasa, wa kukwaruza kwanza na laini baadaye, mpaka kidole kikipita kisione mahali palipounganishwa. Ukitaka mfano wa kufundishia, paka nyeusi. Ukitaka kuonyesha uzuri wa mti wenyewe, paka mafuta tu, uache nyuzi zionekane.

Desturi ya kuchonga ndege za vikosi haikwisha pamoja na vita ile. Katika nchi ya Ufilipino, katika miji iliyo karibu na kituo cha zamani cha Wamarekani kiitwacho Clark, wako mafundi waliojipatia riziki kwa kuchonga ndege za mti za kila kikosi, na askari ahamapo wenzake humpa moja kuwa kumbukumbu. Miongoni mwa ndege hizo ni Orion, ndege ya doria iliyoanza kazi katika vikosi vya Marekani mwaka 1962. Hiyo haitui majini. Ina mashine nne, na mkia wake umeongezwa kitu kirefu kama mwiba. Ndani yake mna chombo kinachosikia chuma cha nyambizi kwa nguvu ya sumaku. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wana sababu ya kuijua nayo, maana tangu mwaka 2008, wanyang'anyi wa baharini wa upande wa Somalia walipozidi, Orion za Hispania zilifanya doria toka Djibouti. Fundi wa Karagwe aliyekwisha kuchonga Catalina aweza kuchonga na Orion, na akaiuza kazi yake kwa haki, mradi alama alizozipaka ziwe za kikosi cha kweli, wala si za kubuni kwa sababu zapendeza.

Neno hilo latuleta kwenye jambo tunalolitaka kuliko mengine yote. Ndege ya mti isiyo na maandishi ni nusu ya kazi. Miaka michache ikipita, mtu ataikuta rafuni, atasema, "Hii ni ndege," basi, habari imekwisha. Kwa hiyo iwekwe juu ya kibao, na kibao kiandikwe. Kwa mfano: "Catalina. Kikosi cha 259. Kipevu na Dar es Salaam, 1943 hadi 1945. Kipimo 1 kwa 72." Chini yake liandikwe jina la mchongaji, shule yake na mwaka wa kazi. Mhunzi wa ng'ombe wa chuma hakuacha jina, nasi tumepungukiwa kwa hilo.

Tena tusiandike namba ya kikosi tu, kana kwamba kikosi ni marubani peke yao. Mashua irukayo haiwezi kufanya kazi bila watu wa majini na nchi kavu. Wako wanaoifunga kwenye boya, wanaoileta petroli kwa mashua, wanaopika, wanaolinda usiku, wanaovuta kamba mvuani. Majina ya marubani ni rahisi kuyapata vitabuni. Majina ya hawa wengine si rahisi, na kama hayatatafutwa na watu wao wenyewe, ni nani atakayeyatafuta? Kwa hiyo karibu na ndege ya mti iwekwe daftari. Mwanafunzi aliye na babu au bibi mwenye habari za Keya, au aliyeambiwa na wazazi wake jambo la siku zile, aliandike humo, pamoja na jina la aliyemwambia. Aliyeiona vita ya 1978 kwa macho yake naye aulizwe, alisikia nini, alikimbilia wapi, ni nani aliyempokea. Waliokuwa watu wazima mwaka 1943 wamekwisha kutoweka karibu wote, na vijana wa 1978 wamekuwa wazee. Asiyeuliza mwaka huu huenda mwakani asimkute wa kumjibu.

Wapo watakaosema kwamba si vema kuwafundisha watoto kuchonga vyombo vya vita. Twaliheshimu neno lao, kwa kuwa mkoa huu umeonja vita na wajua ladha yake. Jibu letu ni hili. Mtoto atafanya ndege kwa hali yoyote. Atafanya kwa mabua, kwa ganda la mgomba na kwa kipande cha boksi, na ataivumisha kinywani akikimbia nayo uani. Tukimwacha hivyo, atajua ngurumo tu. Lakini mtoto aliyekaa majuma sita akichonga kivimbe cha mlinzi, akaandika kwa mkono wake hesabu ya waliokufa katika U-197 na hesabu ya waliozama na Khedive Ismail, hatasema kwa wepesi kwamba vita ni mchezo. Mti utakuwa umemfundisha jambo ambalo sisi waalimu twaweza kulisema mara mia lisisikiwe.

Basi twawaomba waalimu wa useremala, wa hesabu na wa historia wakae pamoja, kila shule ichague ndege moja, na kazi igawanywe. Asiye na patasi atumie kisu. Asiye na musizi atumie mti ulio karibu naye, mradi uwe mkavu. Na asiyepata mchoro na aanze kwa Sunderland au Catalina, kwa vipimo tulivyovitaja, huku akitafuta picha iliyo wazi ya ubavu na ya juu. Haba na haba hujaza kibaba. Shule kumi zikichonga kumi, na madaftari kumi yakiandikwa, wilaya zetu mbili zitakuwa na hazina ambayo wajukuu watatushukuru kwayo.